Injini ya Jeshi Haiuzwi kwa Kilo

Igamba, Mbozi
9 Februari 2025

Mdogo wangu Lwitiko,

Huku tu wazima. Mvua inashuka kila alasiri, mahindi yamefika kifuani, na mibuni ya upande wa juu imebeba vizuri kuliko mwaka jana. Atupele wangu amejifungua mtoto wa kike kule Mbeya na wamempa jina langu, kwa hiyo sasa tuko Enesi wawili, na wanasema mwenye kelele ni mimi. Rozi hajambo? Watoto je? Na Mama anaendeleaje huko Isongole? Simu yake haipatikani tangu mwaka mpya.

Nakuandikia barua na kumpa konda wa gari la Tunduma kwa sababu nikizungumza kwenye simu hapa mashineni, wanawake wote wenye madebe wananyamaza. Ikifika jioni shemeji Mbonile anakuwa ameshajua nilichosema na nilichokusudia kusema.

Jambo lenyewe ni injini ya marehemu mume wangu, Samwel. Umeme umefika kijijini, na mtu wa upande wa kanisani amefunga mota kwenye mashine yake. Anasaga kwa bei ambayo mimi na dizeli yangu hatuiwezi. Wateja wamehama, nami siwalaumu. Sasa Mbonile amesimama kwenye kikao cha ukoo na kusema jengo la mashine liko kwenye kiwanja cha kaka yake, na mashine ikiwa bado kimya wakati watu wanaanza kusaga mahindi mapya, yeye atalichukua afungue baa. Wazee wamekubali kungoja mavuno, zaidi ya hapo hapana. Mibuni ni ya watoto na nyumba ni ya ukoo. Kilichobaki kikaitwa changu ni mashine hii tu.

Kwa hiyo nauza injini ninunue mota. Nataka milioni saba. Wewe unauza spea za malori mchana kutwa na unawajua watu wa pande zote mbili za mpaka. Nitafutie mtu.

Dada yako,
Enesi

*

Tunduma
2 Machi 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika, ila konda aliikalia mpaka ikanuka dagaa. Hongera kwa mjukuu. Sisi tunaendelea. Foleni ya malori imerudi nyuma hadi Mpemba, na dereva akishakaa siku tatu bila kusogea huanza kuona kila kitu kwenye gari lake ni kibovu, hivyo duka linatembea. Rozi anakusalimu, miguu inamsumbua kidogo. Watoto wako shule. Jirani amejenga choo kwenye mpaka wetu na tumepelekana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kuhusu injini, dada, nikueleze ukweli wa soko. Ile ni injini ya jenereta la jeshi, ya zamani, na mafundi wa hapa hawapendi kitu ambacho spea zake hawazioni kwenye kila kibanda. Watu wa skrepa wa Nakonde wanachukua kwa kilo, na chuma kile ni kizito. Ukikubali, wanakuja na gari lao wanaondoka nayo, nawe huhangaiki. Unaweza kupata kama laki sita.

Fikiria.

Mdogo wako,
Lwitiko

*

Igamba
12 Machi 2025

Lwitiko,

Marahaba. Umenipa habari za malori, za miguu ya Rozi na za choo cha jirani. Mama nilimuuliza kabisa, nawe umempita kama dereva asiye na abiria wa kushusha. Nijibu.

Sasa injini. Haiuzwi kwa kilo. Ng'ombe anayekamuliwa humpeleki kwenye mizani ya buchani. Samwel aliinunua kwenye mnada wa vifaa ambavyo jeshi lilikuwa limeviacha, risiti ninayo, na kabla ya hapo ilikuwa imekaa stoo miaka mingi kama akiba. Askari waliiwasha mara mojamoja kuona kama bado inapumua, basi. Hapa kwetu imebadilishwa ringi za pistoni mara moja tu. Silinda zote nne zinafanya kazi. Nimeulizia Vwawa, injini mpya yenye nusu ya nguvu zake inauzwa milioni nne, na mwenye duka mwenyewe hakuweza kuniangalia machoni nilipomuuliza itadumu miaka mingapi. Ndiyo maana nikasema saba. Sikuitoa hewani.

Tena sikukaa bure. Nimeipaka rangi. Kulikuwa na bluu iliyobaki kwenye madirisha ya kanisa, mchungaji akanipa, nikaipaka yote kuanzia juu mpaka miguuni. Inapendeza. Anayekuja kuona ataikuta imevaa vizuri.

Waambie watu wako waje.

Enesi

*

Tunduma
16 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na mambo. Mama yupo. Simu yake iliingia maji.

Dada, hiyo rangi umejiharibia. Mnunuzi wa injini ya jeshi anatafuta ile kijani yake ya kiwandani, iliyochubuka na kupauka, kwa sababu ndiyo inayomwambia kwamba haijaguswa. Akiikuta bluu mbichi atajiuliza maswali mawili. La kwanza, ufa uko wapi uliozibwa? La pili, imeibwa wapi hadi ikabadilishwa sura? Na kile kibati chenye namba, bila shaka nacho umekipaka. Nilipowasimulia watu watatu waliokuwa wameonyesha nia, hakuna aliyetaka hata kuja kuiona.

Nafikiri pia kuhusu wewe mwenyewe. Umefanya kazi kwenye vumbi la unga tangu ujana wako. Nyumba ya Isongole ipo, shamba la Baba lipo, migomba ipo. Hakuna anayekufukuza huko. Kwa nini ugombane na Mbonile kwa ajili ya jengo la matofali? Funga, urudi nyumbani upumzike. Mimi nitakusaidia kila mwezi.

Lwitiko

*

Igamba
27 Aprili 2025

Lwitiko,

Marahaba. Habari ya rangi imeniuma kwa sababu ni kweli. Nilifanya kama tunavyofanya nyumba ikitarajia wageni, nikasahau kwamba mgeni wa injini hataki kuona chokaa. Aibu hiyo nimeimeza. Nimechukua petroli, brashi ya waya na matambara, nikaivua bluu yote. Mikono imechubuka mpaka Jumapili nilishindwa kupiga makofi kanisani. Kijani imetokea na namba zinasomeka.

Isongole sikukuuliza. Nilikuuliza mteja. Nyumbani nitakwenda nikitaka kusalimia, sitakwenda kwa sababu Mbonile anahitaji mahali pa kupanga kreti za bia. Miaka yote ambayo Samwel alikuwa anaumwa, mashine hii ndiyo iliyonilisha na kuwasomesha watoto. Sitaifunga.

Nisikilize vizuri. Wauzaji wa injini huwa wanaiwasha mapema na kuipasha moto, mteja akija inashika mara moja na yeye anadhani amepata dhahabu. Mteja anayejua kazi huweka kiganja kwenye chuma kabla hajasalimia. Waambie watu wako watatu, waje asubuhi, bila kunipa taarifa, wakati wa baridi kali ya huku, na waanze kwa kuweka kiganja. Kama haitawaka, wataondoka nami sitasema neno.

Na majina yao ni akina nani? Mtu mwenye nia huwa ana jina.

Enesi

*

Tunduma
22 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, kuna lori linasubiri. Nimepata mtu wa milioni moja na nusu, na hiyo ndiyo ya mwisho. Wakati unakwenda na mahindi yanakauka shambani. Ipokee, dada. Usije ukakosa vyote.

Mama anakusalimu sana.

Lwitiko

*

Igamba
8 Juni 2025

Lwitiko,

Leo nianze na mambo, salamu utazikuta mbele.

Injini imeuzwa. Imeuzwa milioni sita, na mnunuzi amejitafutia gari mwenyewe.

Alikuja Alhamisi wakati ukungu bado umelala kwenye mibuni. Nilikuwa nafagia. Bodaboda mbili zikasimama, kwenye moja mwanamume mrefu mwenye koti la mvua, kwenye nyingine fundi na mfuko wake. Yule mrefu alisema anaitwa Manase, analima mpunga na kufuga huko bondeni Momba, anataka injini ya kuvuta maji mtoni, na umeme kwao bado ni hadithi. Nikamwonyesha mlango wa chumba cha injini. Hakuuliza bei. Alivua glovu akaweka kiganja kwenye bloku ya injini, akakiacha pale kitambo.

"Ya baridi," akamwambia fundi.

"Ina baridi kuliko sisi," fundi akasema.

Nikaiwasha mwenyewe. Mara ya kwanza ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Sikukuombea mema wakati ule, Lwitiko, maana nilisikia sauti yako ikisema uza kwa kilo. Nikaiacha ipumue kidogo, nikaiwasha tena, ikashika. Fundi akafungua kifuniko cha oili wakati inanguruma, akaweka mkono juu yake kuona kama inatema hewa, dalili ya injini iliyochoka. Haikutema. Akasoma kibati, akamwinamia Manase sikioni.

Manase akasema nne. Nikasema saba. Akanieleza kuhusu ukame, mimi nikamweleza kuhusu mnada na ringi na askari. Tukaingia ndani tukanywa chai na magimbi, tukazungumza habari za ng'ombe wake. Alipomaliza kikombe cha pili akasema tano na nusu, nikamwongezea gimbi. Tulikubaliana sita, tukapeana mikono mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na jana wamekuja kuichukua na Fuso. Nilisimama barabarani mpaka lilipokata kona. Nililia kidogo kwa ajili ya Samwel, kisha nikarudi kufagia.

Sasa ndiyo nifike kwenye jambo langu. Wakati wa chai nilimuuliza Manase ni nani aliyemleta.

"Ni mama yenu," akasema.

Nikamwambia mama yetu yuko Isongole. Akatikisa kichwa.

"Mimi nilifika Tunduma kununua nozeli, kwenye duka la Lwitiko. Nikamuuliza kama anajua injini kubwa ya kuuzwa. Akasema iko moja kwa dada yake Igamba, lakini imekufa, bloku imepasuka, nisijisumbue. Nikatoka kwa mlango wa uani, maana mbele lori lilikuwa limeziba. Hapo uani kuna bibi amekaa mkekani anachambua maharage kwa kupapasa. Akanishika suruali. Akaniambia, 'Kijana, mwanangu amekudanganya. Injini haijapasuka. Nenda Igamba, ulizia Enesi wa mashine, na usimwambie huyu wa dukani.' Nikamshukuru, lakini alikuwa anaongea na mti ulio pembeni yangu. Nadhani haoni yule bibi."

Nilimwomba anisimulie tena tangu mwanzo, naye akanisimulia.

Baada ya hapo nilizitoa barua zako zote nikazisoma upya. "Mama yupo." Ni kweli, hukusema yupo wapi. "Mama anakusalimu sana." Alinisalimu akiwa chumba cha pili, nami nilikuwa napiga namba ya Isongole kila Jumapili.

Tangu lini, Lwitiko? Na kwa nini ulitaka nishindwe?

Nawasalimu wote. Msalimu Mama.

Enesi

*

Tunduma
20 Juni 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi.

Nilimchukua Mama mwezi Desemba. Jirani wa Isongole alinipigia kwamba amemkuta amekaa nje kwenye mvua, amepotea kati ya jikoni na nyumba. Hospitali walisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Anaona mwanga wa mlango, basi. Aliniapisha nisikwambie. Alisema ulishamuuguza Samwel mpaka mgongo ukapinda, usipewe mgonjwa mwingine. Nikakubali haraka, kwa sababu nilidhani nitaweza.

Sikuweza. Mimi ni mwanamume, siwezi kumwogesha mama yangu. Kila kitu kinamwangukia Rozi, na miguu yake umeshaisikia. Mama hataki kusaidiwa, ameanguka mara mbili, na kila asubuhi anauliza kama migomba yake imepaliliwa. Uani kwangu ni matairi na vyuma vitupu. Hana pa kutembea.

Kwako hakuweza kuja, na hilo unalijua kuliko mimi. Mbonile ni ndugu wa Samwel, ni mkwe wake. Mama mkwe atakaaje uwanja mmoja na mkwewe, wakutane kila siku kisimani, huyu ajifunike khanga na yule akimbilie migombani? Mama mwenyewe angekataa. Kwa hiyo niliona njia moja tu, ufunge mashine urudi Isongole, nyumba ifunguliwe, naye awe na wewe kwake mwenyewe. Mbonile alipoanza maneno yake niliona kama Mungu amenisogezea mlango. Watu niliokwambia walikuja kweli dukani. Niliwarudisha.

Sikukuibia hata shilingi, dada. Mwezi kwa mwezi, nilikuwa tayari kukulisha. Nilitaka tu urudi nyumbani.

Lwitiko

*

Igamba
6 Julai 2025

Lwitiko,

Marahaba.

Mota imefungwa. Fundi wa Vwawa aliileta akaiunganisha na umeme wa njia tatu, na Jumatatu tumesaga mahindi mapya ya kwanza. Nilimwalika mwenyekiti wa kikao cha ukoo aje na debe lake, nikamsagia bure mbele ya watu, na Mbonile alikuwepo akiangalia waya kana kwamba ataukuta umekatika. Haukukatika.

Nimekasirika sana nawe, na nitaendelea kwa muda, usinikimbize. Ulikaa na macho ya mama yangu miezi saba ukayageuza kuwa hesabu zako. Unasema huna shilingi yangu. Afadhali ungeiba shilingi, ningekupeleka kwa balozi tukamaliza. Ungeniambia Desemba, ningemchukua Desemba. Mimi ndiye ninayejua kama mgongo wangu umepinda. Wewe na Mama mmekaa huko mkanipangia kuchoka.

Sasa sikia nilichofanya. Injini ilipotoka iliacha chumba. Kina paa zuri, kina dirisha, na sakafu yake Samwel aliimwaga nene kwa ajili ya mtetemo. Nimeisugua oili kwa majivu na sabuni ya unga hadi ikarudi rangi ya saruji. Mlango wa kuingilia uwanjani kwa wakwe nimeuziba kwa matofali, nikatoboa mwingine upande wa barabara. Choo ni hatua chache na nimefunga kamba ya kushika kutoka mlangoni. Chumba hiki hakimo tena kwenye uwanja wa mtu yeyote. Nimemwuliza mchungaji na nimewauliza wazee, hakuna aliyepata neno la kusema.

Mlete Mama. Mlete wewe mwenyewe, usimpandishe gari ukamkabidhi kwa konda kama barua. Na umwambie hali halisi. Asiposema ndiyo kwa mdomo wake, msije.

Mwambie Rozi asante. Wifi yangu amebeba mzigo wangu bila mimi kujua, na nitamshukuru ana kwa ana.

Enesi

*

Tunduma
15 Julai 2025

Dada,

Shikamoo. Amesema ndiyo. Tunakuja Jumamosi. Rozi yuko jikoni analia na hataki kuniambia sababu. Mbonile atasemaje?

Lwitiko

*

Igamba
17 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo. Kahawa tunachuma, mota haijasumbua, na mtoto Enesi ameota jino. Wewe uliondoka Jumapili alfajiri kabla sijaamka. Nilijua umeogopa kuagwa. Unga niliokuwekea umeusahau, nimeshaula.

Umeniuliza habari za Mbonile. Wiki moja baada ya ninyi kuja, alikuja na vijana wawili na kamba ya kupimia. Alikuwa anasema jengo kweli linasaga, lakini kiwanja chake kinaishia wapi, tukipime, pengine kipande cha mbele kinatosha kibanda. Alikuwa anapita kwenye njia ya mibuni huku akiongea kwa sauti. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake mbele ya mlango wa mashine. Kazi yake ni kupokea unga wa kwanza unapotoka na kuusugua kwa vidole, akisema "bado" nazuia, akisema "sawa" naachia, na wanawake wa upande wa kanisani wameanza kurudi kwa sababu wanasema unga wetu sasa ni laini.

Mbonile akatokeza, akamwona mkwe wake. Akavua kofia, akapiga goti, akarudi kinyumenyume mpaka akaingia kwenye mibuni, na vijana wake na kamba yao wakamfuata. Mama hakumwona. Alisikia tu majani yakivunjika, akajifunika khanga kwa heshima, akauliza ni nani. Nikamwambia ni mkwe. Akasema, "Haya, apite salama."

Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa. Akitaka kusagiwa anamtuma mkewe, na mkewe analipa. Wazee wanasema ameonyesha adabu nzuri, na kweli ameonyesha. Maneno ya baa yamekwisha.

Usiniulize kama nilikusudia. Mimi nilikuwa nimeweka kiti cha Mama ndani, karibu na dirisha, apate jua. Ni yeye aliyekishika akakibeba kwa kupapasa mpaka mlangoni, akaniuliza, "Njia anayopita huyo anayetaka mashine yako ni ipi?" Nilipomwonyesha, akakiweka hapo.

Amekuuliza mara tatu wiki hii. Anataka kujua kama unakula na kama umeacha kudanganya wateja. Mwezi ujao njoo na Rozi mlale hapa. Nimeongeza kitanda cha pili kwenye chumba chake. Mlango uko upande wa barabara, huna haja ya kupita kwa mtu.

Dada yako,
Enesi